Historia ya Karuturi Sports ya Naivasha: nianzie wapi?

Mto Malewa ameuliza:

Habari zenu wadau. Ninakusanya historia ya Karuturi Sports, timu ya soka ya shamba la maua pale Naivasha iliyocheza ligi kuu kisha ikapotea. Lengo ni kijitabu cha kurasa 60 hivi: matokeo ya kila msimu, vikosi, makocha, picha, na maelezo ya jinsi ilivyokwisha. Hapa Nakuru ukiwauliza mashabiki wanakupa hadithi tamu, lakini tarehe hazikubaliani.

Nimekwama katika mambo manne. Kwanza, Sher Agencies, Sher Karuturi na Karuturi Sports: ni klabu moja au ni tatu? Pili, kila ninayemhoji anaichanganya na Oserian. Wengine wanaapa kuwa Karuturi ilitwaa ligi mara mbili. Tatu, matokeo ya mechi yanapatikana wapi? Tovuti nyingi zinatoa jedwali la mwisho tu, mechi zenyewe hazipo. Nne, nina majedwali mawili ya msimu mmoja na pointi hazilingani. Nitajuaje lipi ni sahihi?

Aliyewahi kuandika historia ya timu ndogo ya mji mdogo anielekeze tafadhali, hata kama ni timu ya Webuye au Muhoroni. Shida naona ni zilezile.

---

Karani wa Afraha amejibu:

Nianze na majina, maana ukikosea hapo kijitabu chote kimepinda.

Ni klabu moja yenye majina matatu. Sher Agencies lilikuwa shamba la maua kando ya Ziwa Naivasha. Mwaka 2007 lilinunuliwa na Karuturi Global, kampuni ya India, na jina la timu likafuata mwenye shamba: Sher Agencies, Sher Karuturi, kisha Karuturi Sports. Usiandike "Karuturi" kwenye mechi ya kabla ya 2007 hata kama wachezaji ni walewale. Tumia jina la siku hiyo, halafu weka ukurasa mmoja mwanzoni unaoonyesha jina gani lilitumika lini. Magazeti nayo hayakubadilika siku moja. Utakuta ripoti zinazoendelea kusema "Sher" muda mrefu baada ya shamba kubadilisha mikono, kwa hivyo unapotafuta, tafuta majina yote.

Oserian ni shamba jingine na klabu nyingine kabisa. Hao ndio mabingwa wa 2001 na 2002, enzi hizo wakiitwa Oserian Fastac. Baada yao Ulinzi Stars ikabeba 2003, 2004 na 2005. Karuturi haijawahi kutwaa ligi kuu. Anayekwambia vinginevyo anaikumbuka Oserian. Na wapo watakaokwambia Oserian ilikufa baada ya ubingwa wa pili. Sivyo. Ilirudi ligi kuu mwaka 2012 ikashuka mwaka huohuo. Maana yake ni kwamba msimu wa 2012 Naivasha ilikuwa na timu mbili kati ya 16, zote za mashamba ya maua, zote za ziwa lilelile. Mechi hizo mbili za debi zipe kurasa zake, kwa sababu sijui mji mwingine wa ukubwa ule uliowahi kuwa na bahati hiyo.

Karuturi iliaga ligi kuu mwishoni mwa 2013. Shamba liliwekwa chini ya mrasimu (msimamizi anayewekwa na mdai kukusanya deni) Februari 2014 kwa sababu ya deni la benki. Angalia mpangilio huo vizuri: timu ilitangulia kuanguka, kampuni ikafuata. Watu wengi huandika kinyume, eti mrasimu aliiua timu. Mrasimu hawezi kulaumiwa kwa pointi zilizopotea kabla hajaingia. Swali lako la kweli ni hali ya fedha ya shamba ilikuwaje 2012 na 2013, na je, ilifika uwanjani: mishahara, basi la kwenda ugenini, usajili wa katikati ya msimu.

Mitego mingine midogo. Kaunti zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, kwa hivyo karibu maisha yote ya timu yalikuwa Mkoa wa Bonde la Ufa, si "Kaunti ya Nakuru". Barua za shirikisho zinajipa tarehe zenyewe: kichwa cha barua cha KFF (Kenya Football Federation) kwa kawaida ni cha kabla ya mageuzi ya 2008, FKL (Football Kenya Limited) ni kati ya 2008 na 2011, FKF (Football Kenya Federation) ni kuanzia 2011. Ligi yenyewe ilikuwa chini ya kampuni ya KPL (Kenyan Premier League), kwa hivyo ratiba na adhabu zilitoka huko na si kwa shirikisho.

Na ukigusia Nakuru mjini, usiunganishe Nakuru All Stars waliokuwa mabingwa wa kwanza wa taifa 1963, wakarudia 1969, na Nakuru AllStars walioshuka 2015. Hawa wa pili walicheza msimu wa 2014 wakiitwa Top Fry AllStars. Jina kufanana si ukoo. Kama huna hati inayoonyesha klabu moja ilirithi nyingine, zitenganishe.

---

Bukhungu Lango la Pili amejibu:

Karani amemaliza majina. Mimi nizungumzie hati ziliko.

Usianze na Nyaraka za Kitaifa. Wengi hukimbilia jengo lile la Moi Avenue Nairobi wakarudi mikono mitupu, na sababu ni ya kisheria: faili za serikali hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 30. Timu yako ni ya juzi. Faili ya ofisa wa michezo wa wilaya ya 2009 haitafunguliwa kabla ya 2039. Kwa anayeandika kuhusu klabu za Abaluhya au Luo Union ya miaka ya 60 na 70, hapo sawa, na vituo vya Nakuru, Kisumu na Kakamega vitamfaa. Kwako wewe, magazeti ndiyo uti wa mgongo, na hayo hayana kizuizi cha miaka.

Kazi ya magazeti ifanye hivi. Andika kwanza ratiba tupu ya msimu: timu 16, kila moja mechi 30, nyumbani 15 na ugenini 15. Halafu nenda maktaba ukiwa na ratiba hiyo, ujaze mapengo. Ukisoma gazeti ukurasa kwa ukurasa bila ratiba utapotezwa na habari za vilabu vikubwa, Gor Mahia na AFC Leopards (Ingwe). Mechi ya Jumamosi huwa kwenye toleo la Jumapili, ya Jumapili huwa Jumatatu. Matoleo ya Jumapili mara nyingi hujalidiwa peke yake, katika kitabu tofauti na cha siku za wiki. Usipoyaomba hutaletewa, na nusu ya matokeo yako yatakuwa humo. Mechi za Naivasha, Awendo au Chemelil zilizokwisha jioni mara nyingine zilikosa toleo la kwanza, kwa hivyo ukikosa matokeo Jumatatu fungua Jumanne na Jumatano kabla hujaandika "haijulikani". Linganisha magazeti mawili. Taifa Leo hutoa nafasi kwa timu ndogo ambazo magazeti ya Kiingereza huzimaliza kwa mstari mmoja. Kenya Times ilifungwa 2010, na kwa misimu ya kabla ya hapo ni ya kuulizia.

Ukifungua gazeti, piga picha ukurasa mzima kwanza, tarehe ionekane, ndipo upige kipande chenyewe. Kipande bila tarehe ni takataka baada ya miezi miwili.

Mtandaoni, tovuti ya zamani ya KPL unaweza kuisoma kupitia Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao. Chukua nakala za tarehe mbalimbali ndani ya msimu, si ya mwisho tu, maana jedwali la katikati ya msimu ndilo litakalokusaidia kupata kosa. Futaa, tovuti ya soka ya Kenya, nayo ilikuwa ikitoa ripoti na vikosi. RSSSF, tovuti ya takwimu za soka duniani, ni nzuri kwa mabingwa na majedwali, ila kwa timu ya chini huko hutapata wafungaji. SuperSport ilionyesha ligi yetu hadi 2017, kwa hivyo baadhi ya mechi za Karuturi zina video. Kikosi kinachosomwa kabla ya mechi hapo ni ushahidi bora kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Usajili: Sheria ya Michezo ni ya 2013, na vilabu vilivyokuwepo vilitakiwa kujisajili upya kwa Msajili wa Michezo. Klabu iliyokuwa ikizimika wakati huo unaweza usiikute huko. Ya kabla ya hapo iko kwa Msajili wa Vyama, ikiwa timu ilisajiliwa kama chama. Timu nyingi za viwandani hazikuwa chama wala kampuni. Zilikuwa kitengo tu chini ya ofisi ya wafanyakazi. Hilo pekee linaeleza kwa nini zilifutika bila hata mkutano wa wanachama. Gazeti rasmi la serikali lipo mtandaoni, kwa Kenya Law na Google Books, na lina notisi za vyama kufutwa na za kampuni kuingia kwa mrasimu. Tafuta kwa jina la kampuni, usitafute kwa jina la timu.

---

Jedwali Halidanganyi amejibu:

Nijibu swali la nne, la majedwali mawili.

Ligi ya timu 16 ina mechi 240. Kila mechi yenye mshindi hutoa pointi 3 kwa jumla, na kila sare hutoa 2. Kwa hivyo jumla ya pointi za timu zote ni 720 ukitoa idadi ya mechi za sare. Jumlisha safu ya sare, gawa kwa mbili, toa kwenye 720. Mfano: safu ya sare ikijumlika kuwa 148, mechi za sare ni 74, na pointi zote lazima ziwe 646. Zikiwa 645 au 647, kuna tarakimu imeandikwa vibaya. Zikipungua 3 kamili, shuku adhabu ya kunyang'anywa pointi, utafute uamuzi wa ligi. Safu ya sare ikijumlika kuwa namba witiri, jedwali hilo ni bovu bila mjadala. Halafu ushindi wote ujumlike sawa na vipigo vyote, na mabao ya kufunga sawa na ya kufungwa. Dakika kumi na utajua jedwali gani la kutupa.

Tahadhari: hesabu hii ni ya pointi 3 kwa ushindi. FIFA iliufanya kuwa utaratibu mwaka 1995. Anayeandika timu ya zamani zaidi, ushindi ulikuwa pointi 2, na jumla inakuwa idadi ya mechi mara mbili, sare ziwe ngapi vyovyote.

Tofauti inayosumbua zaidi ni ya mabao, na mara nyingi inaletwa na ushindi wa bwerere, yaani wa kupewa bila mechi kuchezwa au kumalizika. Mtu mmoja ameandika 2-0, mwingine 3-0, wa tatu ameandika matokeo ya uwanjani kabla mechi haijavunjika. Kwenye daftari lako weka safu mbili: matokeo ya uwanjani na matokeo yaliyotambuliwa. Usichague moja ukafuta nyingine.

Mfano mbaya kabisa ni wa SoNy Sugar, mabingwa wa 2006 kutoka Awendo. Mwaka 2019 walitolewa ligini baada ya kukosa kufika kwenye mechi tatu, na msimu ukaendelea na timu 17. Mechi walizocheza hazimo katika jedwali la mwisho. Lakini zilichezwa, watu walilipa kiingilio, wachezaji walifunga. Historia ya klabu lazima izitaje, ingawa historia ya ligi haizihesabu. (Na ukitafuta SoNy mtandaoni ongeza neno "Awendo", la sivyo utaletewa televisheni.)

Kila mechi ipewe mstari mmoja: tarehe, mashindano, uwanja, mpinzani, matokeo, wafungaji na dakika, chanzo, tarehe ya chanzo. Safu ya uwanja usiiruke. "Nyumbani" haimaanishi Naivasha kila mara. Uwanja ukikataliwa na ligi mechi huhamishwa, na timu ya mji mdogo inayochezea nyumbani kilomita sabini kutoka nyumbani inapoteza mashabiki na mapato ya langoni.

Msimu wa wakati huo ulikuwa wa mwaka wa kalenda, kwa hivyo "2012" ni 2012. Mtindo wa kuvuka mwaka ulikuja baadaye, kuanzia msimu mfupi wa 2018/19.

Usijiwekee lengo la takwimu kamili za kila mchezaji, hutalifikia. Wamarekani wana jamii ya watafiti wa besiboli, SABR, iliyoanzishwa 1971, na wanafufua timu za ligi ndogo za vijiji vilivyosahaulika. Mwaka 1949 walikuwa na ligi ndogo 59, timu mamia, nyingi zilidumu misimu miwili mitatu zikafa. Wanaweza kujenga rekodi ya mchezaji mmoja mmoja kwa sababu gazeti la mji lilichapa kila siku kisanduku cha takwimu: nani alisimama kupiga, mara ngapi, akafanya nini. Ripoti zetu hutaja wafungaji, kadi nyekundu na maneno ya kocha. Kipa aliyedaka mechi 28 anaweza asitajwe hata mara tano. Kwa hivyo toa orodha ya wafungaji kwa uhakika, na ya mechi alizocheza kila mtu iandike "angalau".

---

Mti wa Webuye amejibu:

Ushauri mzuri, ila mmempeleka uwanjani moja kwa moja. Mimi ningeanzia kiwandani.

Timu ya aina hii ni mstari mmoja katika bajeti ya kampuni. Eldoret KCC ilitwaa kombe la taifa 1997. Kampuni mama ya maziwa ikaanguka na kuuzwa mwaka 2000, serikali ikairudisha 2003 kama New KCC. Mumias Sugar ilibeba kombe hilohilo 1996 na 1999, na kampuni ikaingia kwa mrasimu 2019, wakati timu tayari ilikuwa haipo. Pan Paper, kiwanda cha karatasi hapa Webuye, ilifungwa 2009. Chora mistari miwili sambamba, wa juu wa kampuni, wa chini wa timu, miaka katikati. Utaona kuna timu zilizokufa pamoja na kiwanda, na zilizokatwa mapema kiwanda kilipoanza kubana matumizi. Karuturi ni ya kundi hili la pili, kwa tarehe alizotoa Karani. Gharama ya michezo hukatwa kabla ya mishahara, na mishahara kabla ya mbolea.

Wachezaji wengi walikuwa wameajiriwa shambani. Hilo linakupa hati ambazo klabu za Nairobi hazina: namba ya mfanyakazi, kadi ya kazi, hati ya malipo, nyumba ya kampuni. Mtu asipokumbuka alijiunga mwaka gani, mwombe akuonyeshe barua ya kuajiriwa. Chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, ndicho kinachowasimamia watu wa maua, na migomo ya kudai mishahara inaripotiwa magazetini. Weka tarehe za migomo kando ya matokeo ya wiki hizo.

Katika mahojiano usiulize "ilikuwa mwaka gani". Uliza kocha alikuwa nani, jezi ilikuwa rangi gani, mlisafiri kwa basi au matatu, posho ilitolewa kabla ya mechi au baada. Ukishamjua kocha na jezi, mwaka utautafuta mwenyewe. Wahoji mtunza vifaa na dereva kabla ya nyota wa timu. Nyota anakumbuka mabao yake. Dereva anakumbuka kila uwanja na kila safari iliyoghairiwa kwa kukosa dizeli.

---

Mto Malewa ameuliza tena:

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilivyotarajia. Nianze na ratiba tupu ya 2012. Moja la mwisho: picha. Wazee wana albamu, nyingine picha zimegandamana na kioo cha fremu. Nizichukueje, na je, naruhusiwa kuzichapa?

---

Karani wa Afraha amejibu:

Iliyogandamana na kioo usiing'oe, rangi itabaki kwenye kioo. Skani ikiwa hivyo hivyo kupitia kioo, baada ya kufuta kioo kwa kitambaa kikavu. Za albamu ya kurasa zenye gundi, pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha taratibu kutoka pembeni. Ikikataa, skani ukurasa mzima.

Picha ya inchi 4 kwa 6 iskani kwa dpi (nukta kwa inchi) 600. Utapata pikseli 2400 kwa 3600, zinazotosha kuchapa mara mbili ya ukubwa wake kwa dpi 300. Hifadhi TIFF, ya kutuma kwa simu ndiyo iwe JPEG. Skani na nyuma pia. Studio zetu zilikuwa zikipiga muhuri wa jina na tarehe. Kama haina tarehe, soma jezi na mabango: picha yenye kombe lililoandikwa Moi Golden Cup usiitarajie baada ya 2002, na jezi yenye neno Karuturi haiwezi kuwa ya kabla ya 2007.

Haki: picha inalindwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka ilipopigwa au kuchapishwa, ukihesabu ule wa baadaye. Ya 2010 iliyochapishwa mwaka huohuo ni hadi mwisho wa 2060. Mwenye albamu mara nyingi si mwenye haki. Mwenye haki ni mpiga picha, mwajiri wake, au aliyeagiza picha ipigwe. Kwa hivyo chukua sahihi mbili, moja ya kukubali kuskani kutoka kwa mwenye albamu, nyingine ya kukubali kuchapa kutoka kwa mwenye haki. Za magazeti zina bei, uliza kabla hujapanga kurasa. Na majina chini ya picha yaandike kutoka kushoto, mstari wa nyuma kwanza, na usiweke jina mpaka watu wawili walitaje bila kusikizana.

---

Jedwali Halidanganyi amejibu:

Ukimaliza ratiba ya 2012 iweke hapa hata ikiwa na mapengo. Mechi za Karuturi dhidi ya Chemelil, Muhoroni na SoNy nina vipande vyake vya Taifa Leo vyenye tarehe, nitajaza upande wangu.